Historia ya Dar Imekaa Mlangoni mwa Bandari

Pantoni linapotoka Magogoni kwenda Kigamboni, abiria wengi huwa na macho kwenye simu au kwenye mizigo yao. Kushoto kwao ni bahari, kulia ni bandari, na mkondo mwembamba wanaoukata ndio uliolizaa jiji hili.

Historia ya Dar es Salaam tunaifundisha kwa majina ya watawala: Majid, Mjerumani, Mwingereza, kisha Uhuru. Visa vyake vya ajabu vimepotea au vinasimuliwa kombo kwa sababu hiyo. Visa hivyo havieleweki mpaka uanze na maji: kina chake, saa yanapojaa, na nani anaweza kupita mlangoni.

Seyyid Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji hapa, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima, katika miaka ya 1860. Alivutiwa na maji yenye kina yaliyojificha dhidi ya mawimbi. Kasoro ilikuwa mlango wenyewe, mwembamba na wenye kupinda, taabu kwa chombo cha tanga upepo unapokikabili. Majid akafa mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuujali mji huo, majumba yakaanza kuchakaa. Lililobaki la wazi ni Boma la Kale pale Sokoine Drive, la mwaka 1866 na 1867. Wengi hulihesabu kuwa jengo la Mjerumani, lakini Wajerumani walilikuta. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari za majengo ya aina hiyo hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, haiungwi ikabeba dari, ndiyo maana nyumba za kale za mwambao zina vyumba virefu lakini vyembamba.

Kisa kinachostahili kujulikana na kila mtoto wa Dar ni cha Khalid bin Barghash. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Zanzibar tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid akaingia kasri na kujitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Mizinga ya manowari ikaanza, na katika muda usiotimiza saa moja kasri lilikuwa limebomoka. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani.

Waingereza walitaka akabidhiwe, lakini mkataba wao na Ujerumani haukuhusu wakimbizi wa kisiasa. Wakaweka askari nje ya lango, mchana na usiku, wamkamate akikanyaga tu ardhi ya Zanzibar. Wajerumani waliahidi kwamba hataikanyaga, na walitimiza ahadi kwa msaada wa maji. Tarehe 2 Oktoba 1896, maji yalipojaa, mashua ya manowari yao Seeadler ilisogea mpaka kwenye lango la ubalozi upande wa bahari. Khalid akaingia ndani yake moja kwa moja kutoka kwenye kiwanja cha ubalozi. Jambo hilo lisingewezekana maji yakiwa yamekupwa: pwani ingekuwa wazi, na hatua chache za mchanga zingetosha kumtia mbaroni. Wanaosema alitoroka gizani kwa kujigeuza wanakiharibu kisa chenyewe, kwa kuwa uzuri wake wote uko kwenye saa ya kujaa kwa maji.

Aliletwa Dar es Salaam, akaishi hapa chini ya ulinzi wa Wajerumani kwa karibu miaka 20. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916 hawakuwa wamemsahau. Walimpeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha Zanzibar alikuwa mkazi wa mji huu muda wote huo, na sisi tunaouandikia mji huu hatumtaji.

Turudi mlangoni. Agosti 1914 vita vilipoanza, Wajerumani walizamisha chelezo cha kuelea kwenye njia ya kuingilia bandarini ili manowari za Waingereza zisipite. Chelezo cha aina hiyo ni kama sanduku kubwa la chuma lisilo na kifuniko wala kuta za mbele na nyuma: ukiyajaza maji matangi yake kinashuka, meli inaingia juu yake, ukiyapiga pampu maji yatoke kinainuka pamoja na meli. Kukizamisha basi si kazi, maana kuzama ni nusu ya shughuli yake ya kila siku. Hasara ilikuwa kwao wenyewe, kwa sababu manowari yao Königsberg ilikuwa imeshatoka bandarini tarehe 31 Julai, na sasa haikuwa na nyumba ya kurudi.

Mara nyingi husemwa kwamba meli hiyo ilizamishwa hapa Dar. Si kweli. Iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha mitambo yake ikaharibika na ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Sehemu ya Dar katika kisa hicho ni karakana ya reli. Vipuri vizito vya mitambo viliburutwa na wapagazi, zaidi ya kilomita 100 za matope na pori, vikatengenezwa hapa na kurudishwa. Waingereza walishindwa kuifikia kwa meli kubwa, wakaleta mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 ikaisha. Mabaharia wake waliiopoa mizinga yote 10, na karakana ya Dar ikaiundia magurudumu ili ipigane nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Mafundi na wapagazi waliofanya kazi hiyo hawana hata ubao.

Mlango huohuo ndio ulioingiza meli ya Ziwa Tanganyika inayoitwa leo Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, yakashushwa Dar na kupelekwa Kigoma kwa reli. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza walipaka injini grisi nzito. Ndiyo iliyoiokoa: iliopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927.

Kariakoo nitaipitia haraka, kwa kuwa asili ya jina tayari inajulikana kwa kiasi: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale. Kisichosemwa ni kwamba makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na njaa. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 nayo imesimama mahali ilipokuwa sanamu ya gavana Hermann von Wissmann, iliyowekwa mwaka 1909. Waingereza waliing'oa na kuisafirisha, ikaishia Hamburg, na wanafunzi wa huko wakaiangusha kwa kamba, mara ya mwisho mwaka 1968.

Ninachokitaka ni mabango, kwa Kiswahili, mahali palepale mambo yalipotokea. Yasiwe ya bati wala ya shaba. Bati la pwani huliwa na chumvi, na shaba hung'olewa ikauzwa chuma chakavu. Maandishi yachongwe kwenye jiwe au yamiminwe kwenye zege, mistari isizidi kumi, herufi kubwa za kusomeka kwa mtu aliyebeba mzigo. Kila bango liseme tarehe, kitu kilichotokea, na nani aliyebeba. La kwanza liwekwe Magogoni, ukutani kwenye foleni ya pantoni, ambako watu husimama muda wa kutosha kusoma.