Goma, Mei 2021: Je, Watu Walihamishwa Bure?

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Constant Ndima, aliwaamuru wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma wahame mara moja. Watu wapatao 400,000 waliondoka, wengi wakielekea Sake, wengine Minova, Bukavu na ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Mlipuko wa pili uliohofiwa haukutokea, na wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba watu walisumbuliwa bure.

Hoja yao si ya kubezwa. Sake haikuwa na maji safi wala malazi ya kuutosha umati ule, na kuiacha nyumba bila mlinzi katika jimbo lenye vita ni gharama ambayo maskini huilipa peke yake. Isitoshe, aliyehama bila kuona lava atasita atakapoambiwa ahame tena.

Waliotoa agizo, hata hivyo, waliijua historia ya mlima huo. Tarehe 10 Januari 1977 nyufa zilipasuka ubavuni na ziwa la lava lililokuwa ndani ya kasoko likamwagika. Lava ya Nyiragongo ina kidogo mno ya silika, madini yanayoifanya lava iwe nzito, kwa hiyo ni nyepesi kama maji, na siku hiyo iliteremka kwa kasi iliyowashinda waliojaribu kuikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kuingia Ziwa Kivu. Mwaka 2021 matetemeko yalionyesha kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka ulio bado chini ya ardhi, ilikuwa imepenya chini ya mji kuelekea chini ya ziwa lenyewe, ambalo kina chake kimehifadhi takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Ziwa Nyos la Kameruni, dogo kuliko Kivu kwa mbali, liliua watu wapatao 1,700 mwaka 1986 kwa kaboni dioksidi iliyofumka ghafla kutoka kilindini mwake. Ni kweli kwamba lava ya 2002 iliingia Kivu bila kuifumua gesi hiyo, ila lava iliyotiririka juu juu haitupi kipimo cha magma inayopasuka kutoka sakafuni mwa ziwa.

Kwa maoni yangu, agizo la tarehe 27 lilistahili kutolewa. Lililokosekana ni maandalizi ya kuwapokea waliolitii. Lawama nzito zaidi inahusu tarehe 22, siku ambayo lava ilitoka kabla ya onyo lolote. Wengi waliinyoshea kidole Idara ya Volkeno ya Goma, OVG, ambayo ufadhili wake kutoka Benki ya Dunia ulikuwa umekwisha mwaka 2020. Fedha zina uzito wake, lakini uchambuzi wa kisayansi uliofanywa baadaye ulibaini kwamba dalili za wazi zilijitokeza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Kwa muda huo, hata mitambo kamili haiwezi kuuhamisha mji wa watu zaidi ya milioni moja, hasa ikiwa barabara ya Rutshuru itakatwa na lava kama ilivyokatwa mwaka 2021, na njia iliyo karibu zaidi ni mpaka wa Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, ambao wakati ule kufunguliwa kwake usiku wa manane kulitegemea uelewano wa serikali mbili zisizoaminiana.