Zinki ya losheni ya jua ikifika ziwani

Hawaii ilipozuia uuzaji wa losheni za jua zenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali za kuchuja mionzi ya jua, kuanzia 2021, ili kuyanusuru matumbawe, losheni za oksidi ya zinki na dioksidi ya titani zilisifiwa kuwa ndizo salama. Sifa hiyo haikudumu. Nazo zinashutumiwa sasa, hasa zile zenye chembe za nano, yaani za chini ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kwamba zinaua viumbe wa mito na maziwa. Shutuma ina ukweli ndani yake, ila kwa zinki imeelekezwa pasipo pake.

Hofu yenyewe inaeleweka. Kadiri chembe inavyokuwa ndogo, ndivyo uso wake unavyokuwa mkubwa kwa uzito uleule, na ndivyo inavyochangamka kikemia. Maabara zimeshuhudia mwani, viroboto-maji (vijidudu vidogo vya majini) na samaki wachanga wakidhurika. Lakini majaribio mengi hutumia miligramu kwa lita, ilhali makadirio ya kilichomo mitoni ni mikrogramu, yaani sehemu za elfu za miligramu, mara nyingi chini ya hapo.

Jaribio ninalolirudia kila mjadala huu unapozuka ni la Australia, 2007. Mwani wa maji baridi uliwekewa zinki ya aina tatu: oksidi ya nano, oksidi ya kawaida, na kloridi, ambayo ni chumvi inayoyeyuka upesi. Ukuaji ulishuka kwa nusu kwenye takriban mikrogramu 60 za zinki kwa lita, kwa zote tatu. Udogo wa chembe haukuongeza sumu hata kidogo. Zile za nano zilikuwa zimegandamana kuwa mafungu ya mikrometa kadhaa, na huku zinki yao ikiyeyuka haraka. Kilichouathiri mwani ni ioni za zinki, yaani atomi zenye chaji zilizoyeyuka majini, na ioni haina kumbukumbu ya ilikotoka.

Sasa ichukue hiyo 60 utoke nayo nje. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka mapaa ya mabati mara nyingi hubeba zinki mamia ya mikrogramu kwa lita, wakati mwingine miligramu kamili. Sijasikia mtu akitaka mabati yapigwe marufuku, wala mimi sitaki. Ila anayetaka kumpokonya mtu mwenye ualbino losheni yake kwa ajili ya zinki, huku mifereji ya mji mzima ikimwaga zinki ileile ziwani, amekosea hesabu. Na ile inayopitia kwenye mtambo wa majitaka haitoki kama ilivyoingia: penye uhaba wa oksijeni, oksidi hugeuka salfidi ya zinki, ambayo haiyeyuki kwa urahisi.

Maji nayo hayafanani. Oksidi ya zinki hupoteza chaji yake ya umeme pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) inapokaribia 9, na bila chaji chembe hushikamana na kuzama. pH ya Ziwa Tanganyika iko karibu na hapo. Ziwa Victoria lina chumvi chache zaidi, na katika maji laini ya namna hiyo kalsiamu ya kushindana na zinki kwenye matamvua ya samaki ni kidogo, hivyo zinki hudhuru kwa urahisi zaidi. Kiwango kimoja cha usalama kwa maziwa yote mawili hakina maana.

Kwa titani nasita. Yenyewe haiyeyuki, kwa hiyo utetezi wa zinki hauifai. Pia hukamata mionzi ya urujuanimno na kuzalisha oksijeni kali inayochoma seli. Watafiti wa Marekani waliripoti mwaka 2012 kwamba chini ya mwanga wa kawaida wa maabara ilihitajika takriban miligramu 500 kwa lita kuua nusu ya viroboto-maji; chini ya mwanga ulioigizwa wa jua, mikrogramu 30 hivi zilitosha. Tofauti ni ya zaidi ya mara elfu kumi. Ni kweli kwamba udongo unaoelea huzinasa chembe hizi na kuzishusha, na maji ya rangi ya chai huzuia mionzi. Lakini huko Vienna, kwenye ziwa la kuogelea la Alte Donau, uwiano wa titani na elementi nyingine ulipanda msimu wa waogaji, na hadubini ikazionyesha chembe zenyewe.

Zinki basi ipimwe kama zinki, kwenye mdomo wa mfereji, bila kujali ilitoka kwenye losheni au kwenye paa. Titani ipimwe juani. Ripoti iliyoandikwa chini ya taa za maabara pekee isikubaliwe kuwa ushahidi wa usalama kwa maji ya kina kifupi ya ikweta.