Bomba Tupu Chini ya Barabara za Tanga

Mwembe ukiangukia waya pale Chumbageni na mtaa mzima ukalala gizani, asubuhi yake hukosi kusikia watu wawili wakibishana kibarazani. Wa kwanza huuliza kwa nini nyaya zisizikwe ardhini kama zilivyozikwa Ulaya. Wa pili humjibu kwamba hiyo ni anasa ya matajiri, na kwamba nchi yenye vijiji vinavyosubiri nguzo haina sababu ya kufukia fedha. Jibu hilo la pili lina uzito wake, ila naona limezoea kushinda kwa urahisi mno, kwa sababu wanaolitoa hulinganisha waya wa juu na kebo ya chini, wakati mara nyingi kinachokula fedha ni mtaro wenyewe.

Hata hivyo wanaopinga wanajua wanachokisema. Kebo ya umeme hupata joto kadiri inavyobeba mzigo. Waya wa juu hupoozwa bure na upepo wa bahari, ilhali kebo iliyomo ndani ya bomba huzungukwa na hewa iliyotulia, kisha udongo, na udongo mkavu wa kiangazi hautoi joto upesi. Kwa hiyo ili ibebe mzigo uleule hubidi iwe nene zaidi, na zikilazwa kadhaa pamoja hupashana joto. Waya wa juu ukikatika, fundi huuona akiwa barabarani na ngazi yake begani. Kebo ya chini ikiungua, pasipo kifaa cha kutafutia hitilafu na mtu anayejua kukitumia, mafundi huchimba kwa kubahatisha na giza la saa mbili likawa la siku mbili. Kule Raskazone, karibu na ufuko, sururu hugonga jiwe la matumbawe, na penye udongo laini maji ya chumvi huwahi kuingia mtaroni kabla bomba halijashuka. Tena kilichofichwa nacho hukatika: Mei 2024 mikongo miwili ya intaneti ipitayo baharini na kuhudumia pwani hii, EASSy na SEACOM, ilikatika siku moja, na intaneti ikazorota nchi nzima bila nguzo hata moja kuanguka.

Watetezi wa kuzika nao hupenda mfano wa Ujerumani, ambako nyaya nyingi za kusambaza umeme zimo ardhini, na ambako mwaka 2022 mteja alikaa bila umeme kwa wastani wa dakika 12 hivi kwa mwaka mzima. Mimi siutegemei sana mfano huo. Hesabu yao huacha nje makatizo yasiyozidi dakika 3 pamoja na yale ya majanga makubwa ya asili, na dakika zile 12 hazikuletwa na mtaro peke yake. Zimeletwa pia na vipuri, mafundi na matunzo ya miaka mingi.

Takwimu inayonikaa kichwani ni nyingine. Tume ya Ulaya, ilipokuwa ikiandaa sheria ya mwaka 2014 ya kupunguza gharama za kujenga mitandao ya intaneti ya kasi, ilieleza kwamba kazi za ujenzi kama kuchimbua barabara zinaweza kufika asilimia 80 ya gharama yote. Kwa lugha ya sokoni, katika kila shilingi 100, hadi 80 huenda kwenye shimo, na kebo yenyewe na vifaa vyake hugawana kinachosalia. Msomaji makini atasema kwamba kibarua wa Ulaya hulipwa ghali na wa Makorora hulipwa ujira wa kutwa, hivyo uwiano huo hauwezi kuhamishwa ulivyo. Ni kweli, na kwa jembe na sururu sehemu ya uchimbaji kwetu itakuwa ndogo zaidi. Lakini lami, dizeli na mtambo wa kushindilia havina bei ya Makorora. Isitoshe, kuna hasara isiyoingia katika hesabu hiyo kabisa: lami iliyokatwa ikazibwa haishikani tena kama ya mwanzo, maji hupenya kwenye mshono, na masika moja au mbili baadaye pana shimo ambalo TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, italiziba kwa fedha ya mlipa kodi, huku aliyekata amekwishasahau. Tuseme basi, kwa ajili ya hoja tu, kwamba 80 ile kwetu ni 50. Kuchimba mara tatu bado ni ghali kuliko kuchimba mara moja.

Na tunachimba mara tatu. Mbele ya mgahawa ninapokunywa chai, katika mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, ukingo umechimbuliwa kwa ajili ya bomba la maji, kisha kwa mkongo wa kampuni moja ya simu, kisha kwa mkongo wa kampuni nyingine, vyote katika upana wa hatua mbili. Mara ya tatu nilisimama nikatazama. Vijana walikuwa wakifungua bomba jeusi la plastiki, jembamba kuliko mpini wa jembe, wakalilaza katika mtaro ambao ungemeza mabomba kumi kama hilo na nafasi ikabaki. Nilipomwuliza msimamizi kwa nini asiongeze walau moja tupu kwa atakayekuja baadaye, alinijibu kwa adabu kwamba mkataba wake ni wa bomba moja.

Siwezi kumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemlipa kufikiria zaidi ya hapo. Lakini anayejenga au kufumua barabara ya mjini anaweza kulipwa kwa hilo. Mtaro ukiwa tayari wazi, mabomba matupu mawili au matatu na chemba ya zege kila baada ya umbali fulani ni nyongeza ndogo, na kampuni ya baadaye ingevuta mkongo wake humo na kulipa kodi ya kupita. Mkoa wetu tayari una mfano, tena mkubwa. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, ni la kufukiwa, na kwa kuwa mafuta yale ni mazito na huganda yakipoa, linaambatana na kebo ya umeme ya kulipasha joto na mkongo wa mawasiliano. Sijasikia mtu akiuita mpango huo wa nyaya anasa, kwa sababu aliyeuchora alikuwa na safari moja ya kuchimba na akaitumia kwa yote. (Mafuta ya Uganda, kwa hesabu hiyo, yatafika Tanga kwa heshima kuliko umeme unaofika kwangu.)

Kwa umeme ningekwenda polepole zaidi kuliko kwa simu. Mkongo wa kioo haubebi umeme wala haupati joto, kwa hiyo bomba jembamba linautosha. Kebo ya umeme inataka bomba lake peke yake, kina zaidi, mchanga kuizunguka, utepe wa tahadhari juu yake na umbali kati yake na nyaya za mawasiliano. Nguzo za Pongwe na za vijijini ziendelee kusimama, maana kwa gharama ya kilomita moja ya chini hufikishwa umeme wa juu mbali zaidi, na anayesubiri taa ya kwanza hatanielewa nikimweleza uzuri wa mji usio na nyaya. Ningeanzia mahali pachache ambapo giza lina gharama kubwa na barabara yenyewe iko mbioni kufumuliwa, kama njia ya kuelekea hospitali ya Bombo na eneo la bandari, ambako chumvi ya bahari hutanda kwenye vikombe vinavyotenga waya na nguzo na manyunyu ya kwanza huanza kuvipigisha cheche.

Kinachobaki ni mmiliki wa bomba tupu. Likiwa la kampuni moja ya simu, litafungwa kwa washindani wake. Likikosa mwenyewe, vifuniko vya chemba vitaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Mwenye barabara ndiye anayefaa kuwa mwenye bomba, achore ramani yenye kina na umbali kutoka ukingoni, na kila anayekuja kuomba kibali aonyeshwe kwanza bomba lililo wazi katika mtaa ule kabla ya kuruhusiwa kugusa lami.