Kibanda cha Bluu

Shemeji yangu ana gereji Nakuru, na wikendi yeye ni dereva wa mbio za magari. Si zile mbio kubwa za Naivasha zenye helikopta juu. Ni hizi za klabu, kwenye barabara za udongo za Njoro na Molo, ambako mshindi hupewa kikombe na pongezi, petroli unajinunulia. Alianza kushindana kabla mimi sijaota ndevu. Kikombe chake cha nafasi ya tatu kiko gerejini, kimejaa plagi kuukuu.

Ukimwambia Subaru yake imechoka, atakukumbusha kwamba Joginder Singh alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa, ndugu yake Jaswant akiwa navigeta, yule anayekaa kando ya dereva akimsomea njia. "Yeye alibeba ndugu, mimi nabeba shemeji. Tofauti iko wapi?" Tofauti ni kwamba mimi nikivunjika shingo, kuna mtu atakayemngoja mlangoni amuulize kaka yake yuko wapi.

Siku moja kabla ya mbio huwa tunaipitia njia polepole nikiandika kila kona. Kwa hesabu yetu, kona ya 6 unapita bila kuondoa mguu kwenye mafuta. Ya 1 ni ile inayokurudisha ulikotoka. Siku yenyewe barabara siitazami. Natazama daftari, tumbo limenipanda kooni, na kumsomea kona inayofuata kabla hii haijaisha.

Sasa, madereva wengine wanatosheka na namba. Shemeji hatosheki. "Namba ni za shule," husema. "Niambie kuna nini hapo." Basi daftari letu limejaa mparachichi, kanisa la mabati, na mbwa mkali kulia. Kwenye kona mbaya kuliko zote, yenye kalivati upande wa ndani, aliniamuru niandike: kibanda cha bluu, kushoto 2, usikate, yaani usiibane kona kwa ndani.

Na kibanda kilikuwa bluu. Jumamosi tulinunua soda pale.

Jumapili ikanyesha. Wanaolijua tope la Molo wanajua gari halipiti, linateleza tu kwa heshima. Tulikuwa tunakwenda vizuri ajabu, shemeji anapiga mluzi ndani ya helmeti, nami nikasoma kwa sauti ya mhubiri: "Kibanda cha bluu, kushoto mbili, usikate!"

"Sikioni!"

"Kipo!"

"Kipo wapi?"

"Kushoto!"

"Kushoto kuna cha kijani!"

Nikainua macho. Kijani kibichi, kinang'aa, rangi bado inachuruzika na mvua. Kikatupita. Barabara ikakata kushoto kama ilivyoandikwa. Sisi tukaendelea moja kwa moja, tukapasua ua wa michongoma na kuingia kwenye kabichi. Subaru ikazilima kama mistari minne hivi, ikafikiri kidogo, ikalala ubavu.

Nilikuwa nimening'inia juu ya shemeji. Nikafungua mkanda, nikamwangukia.

"Shemeji, uko salama?"

"Niko salama. Toa goti mdomoni mwangu."

Sheria inataka uweke pembetatu angalau mita 50 nyuma ya gari, na uwaonyeshe wanaokuja bango lenye herufi OK wajue hakuna aliyeumia. Pembetatu niliiweka. Niliporudi, bango lilikuwa mikononi mwa mzee mmoja aliyevaa gamubuti, analisoma, analitazama gari, analisoma tena.

"OK gani na gari limelala?"

Ndipo akaja mwenye kibanda, na mwavuli wa kijani, fulana ya kijani. Kampuni moja ya simu ilikuwa imepita jana jioni, ikampakia rangi bure na zawadi juu. Alikuwa na furaha ambayo hata ajali haikuipunguza.

"Vijana, mmeionaje rangi mpya?"

"Hatukuiona," shemeji akasema, akitema udongo.

Mama mwenye shamba hakuwa na haraka. Alizihesabu kabichi akiwa ameinama, hata zile ambazo wadudu walikuwa wamezimaliza zamani, na kila watazamaji walipoongezeka, bei ikapanda. Shemeji akajaribu kumweleza kuhusu michezo na vipaji. Mama akamwambia hizo zilikuwa za harusi. Harusi ya nani, hakusema. Tukalipa. Wanaume wakashika gari, mtu akaita "Harambee!", likasimama, na kwa muujiza likawaka.

Kila dakika ya kuchelewa hutozwa sekunde 10, na tukafika kituoni maofisa wanakunja meza. Lakini kabla hatujaondoka shambani, mama alikuja dirishani, pesa ameshazifunga kwenye kanga, na kuuliza mwaka ujao tutapita mwezi gani ili apande mapema.