Wanaojaa msibani ndio haohao wasioonekana mtaroni

Viongozi wengi wa mitaa Dar es Salaam wana lalamiko moja: watu hawajitolei tena, ukiwaita wanauliza posho. Mfano wao ni usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambapo mtaroni huonekana wajumbe na akina mama wachache.

Nadhani tunawasoma vibaya wakazi. Mtaa huohuo ukipata msiba, kabla ya adhuhuri turubai limeshafungwa, vijana wamekwenda kuchimba kaburi, akina mama wako jikoni na masufuria ya kuazima. Posho haitajwi. Na pale mezani kuna daftari. Jina lako na elfu mbili yako vinaandikwa ukiona, na watu hawatawanyiki kabla ya jumla kusomwa. Kila mmoja anajua pesa imekwenda wapi, na anajua siku yake nayo itafika.

Mtaroni hakuna daftari. Mtaani kwetu tulizoa tope jeusi, chupa na viroba, tukarundika kando kwa kuwa tuliambiwa gari la taka linakuja. Halikuja. Wiki ya pili mvua ikanyesha, rundo lote likarudi mtaroni. Kila nikisikia neno "uvivu" nalikumbuka rundo lile. Mama ntilie aliyeacha chapati zake asubuhi nzima, na ada ya taka ameshalipa, mwezi unaofuata utamwitaje?

Hoja ya viongozi ina uzito wake. Semina za miradi zimewazoesha watu bahasha, siku hizi hata kikao cha mtaa kinapimwa kwa nauli. Mpangaji wa miezi sita naye haoni mtaro kuwa wake. Na kuzikana vizuri hakuzuii maji: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua takriban watu 40 jijini, na tangu hapo bonde la Msimbazi limefurika tena na tena. Mtaro ulioziba haumsubiri mkazi aliyekata tamaa.

Lakini posho haitaziba pengo hilo, wala faini. Mwenyekiti angeanza na mkutano wa hadhara, asome daftari la ada ya taka kama linavyosomwa la rambirambi: kimekusanywa kiasi gani, mkandarasi amelipwa ngapi, na Jumamosi hii gari linapita saa ngapi.