Nimetajirika kwa Dola 37 na Senti 46

Jamani, mimi ni tajiri. Mwenye shida na aandike jina, lakini asisukumane na wenzake. Habari hizi nilipewa Jumatano asubuhi, katika ofisi moja hapa Columbus, Ohio, na mama mtu mzima aliyening'iniza miwani kwa mkufu. Alinitazama kwa huruma, akavuta pumzi, akasema: "Samahani sana bwana, kipato chako kimezidi." Na mimi hapo nimevaa sweta tatu, na ya katikati ni ya mke wangu.

Wacha nianze na tanuri, maana ndilo lililonifikisha huko. Nyumba nyingi za huku zina tanuri la gesi chini kabisa, shimoni, na kazi yake ni kupuliza hewa ya moto ndani ya nyumba msimu wote wa baridi. Siku ya kwanza nililifurahia. Usiku likinguruma nikawa nasikia kama fuso lililosheheni machungwa ya Muheza linapanda mlima, nikalala nikiota kwetu. Bili ilipokuja nikaacha kuota. Dola 287! Mwezi mmoja! Tangu hapo kila likinguruma naamka, nahesabu.

Ukutani kuna kidude cha kupandishia joto, na kile kidude ndicho kimeleta mgogoro katika ndoa yangu. Mimi nashusha mpaka nyuzi 66, za Farenhaiti wanazotumia huku. Mama Zuu anapandisha mpaka 74. Hatusemezani, kila mmoja anapita pale kama anakwenda kunywa maji. Zuhura ana miaka tisa na tayari anajua kwamba baba akiingia kuoga ndiyo saa ya kupandisha. Mdogo wake yeye kachagua upande wowote wenye blanketi.

Basi kazini tunakobeba maboksi, jamaa mmoja akanitonya. Akasema kuna msaada wa serikali wa bili za joto na umeme, unaitwa LIHEAP, ulipitishwa na Bunge lao mwaka 1981, na pesa hupewi mkononi, zinakwenda moja kwa moja kwenye bili yako. Nikamwambia safi, mkononi mwangu pesa huwa hazikai hata hivyo. Akasema sharti ni moja tu, uwe maskini. Nikacheka kwa nguvu mpaka msimamizi akageuka. Sharti hilo mimi nimezaliwa nalo!

Kumbe, ndugu zangu, umaskini una mtihani.

Kwetu mtu ama ana au hana, na mtaa mzima unajua, haihitaji fomu. Huku umaskini umepigiwa mstari. Miaka ya sitini, mama mmoja mchumi wa serikali, Mollie Orshansky, alichukua gharama ya chakula cha bei ya chini kabisa cha familia, akazidisha mara tatu, kwa kuwa wakati ule familia zilikuwa zinatumia kama theluthi ya pesa zao kwa chakula. Mstari ukazaliwa hapo. Tangu enzi hizo wanausogeza tu kila mwaka bei zikipanda. Namheshimu huyo mama, ila kuna jambo hakulizidisha, nalo ni simu ya saa nane usiku inayoanza na "shikamoo kaka, samahani kwa usumbufu".

Kwa mstari wa 2025, familia ya watu wanne ni dola 32,150 kwa mwaka. Ni huohuo kwa majimbo yote isipokuwa Alaska na Hawaii, eti wa New York na wa kijijini Ohio wote wananunua nyanya sawa. Kisha kila jimbo linapanga ni asilimia ngapi ya mstari ndiyo mwisho wa kusaidiwa. Sheria inalikataza lisishuke chini ya asilimia 110. Ohio wameweka 175. Mimi niliposikia asilimia 175 ya umaskini nilidhani ni maskini aliyepitiliza, yule wa kubebwa. Nikasema huyo ndiye mimi. Kumbe hesabu inakwenda kinyume, asilimia ikipanda ndiyo unatajirika! Asilimia 175 kwa familia ya wanne ni dola 56,262 na nusu kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12, unapata dola 4,688 na senti 54. Ukiwa chini ya hapo unasaidiwa. Ukiwa juu, hongera.

Nikakusanya makaratasi. Kitambulisho, kadi za namba za hifadhi ya jamii za watu wote wanne, vibali vya ukaazi, bili ya gesi, bili ya umeme, na slipu za mshahara za siku 30, zangu na za Mama Zuu. Nilipooa sikutoa makaratasi mengi hivyo.

Yule mama akaniuliza, "Nyumbani kwako mko watu wangapi?"

Swali rahisi, eh? Nikamuuliza, "Wa kulala au wa kula?"

Akavaa miwani. Nikamfafanulia kwamba wa kulala tuko wanne. Wa kula, kuna mama yangu pale Makorora, Tanga, kuna shangazi na wajukuu zake watatu, kuna binamu mwenye bodaboda inayokwenda gereji kuliko inavyobeba abiria, kuna wadogo zangu wawili wako chuo, na kuna mzee mmoja ambaye sina hakika tunahusiana vipi ila kila Ramadhani ananikumbusha. Nikamwambia aandike kumi na tatu, na hapo nimewaonea haya wengine. Akatabasamu, akaandika nne. Kwa fomu yake kaya ni waliomo chini ya paa na wanaoshiriki bili ile. Haya, lakini hao tisa hata paa lao nimeezeka mimi!

Tukaingia kwenye kipato. Mimi napata dola 21 kwa saa, saa 40 kwa wiki, ni 840. Nalipwa kila Ijumaa; Ijumaa nne, 3,360. Mama Zuu anasafisha maofisi usiku, kila wiki mbili 620, mara mbili ni 1,240. Jumla 4,600. Nikajipigia makofi moyoni. Tuko ndani, na chenji ya dola 88 imebaki!

Halafu akafunua slipu ya Ijumaa ya tatu.

Hapo niliona shoka linashuka. Jumamosi moja kijana wa zamu aliumwa tumbo, msimamizi akauliza nani atabaki saa nne zaidi. Wenzangu wote wakaangalia viatu. Mimi, sijui ni ile nasaha ya marehemu baba kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, nikanyoosha mkono. Saa nne, ovataimu, mara moja na nusu, dola 126. Ukiongeza kwenye 4,600 unapata 4,726. Toa mpaka wao. Nimezidi kwa dola 37 na senti 46.

Nikamwambia mama, zile 126 hazikufika zote. Mfuko wa uzeeni ulikata asilimia 6.2, bima ya wazee 1.45, serikali kuu ikachukua chake, jimbo lake, na Jiji la Columbus lenyewe lina asilimia 2.5. Ijumaa ile nilinunua kuku wawili na mafuta ya gari, ikaisha. Akasema wanahesabu kabla ya makato. Yaani nahukumiwa kwa pesa ambazo sijawahi kuonana nazo! Ni kama kunyimwa wali msibani kwa sababu jana usiku uliota unakula pilau.

Lakini alikuwa mtu mwema, siwezi kumsema. Akaniambia nisubiri ile Ijumaa itoke ndani ya siku 30, nirudi na slipu mpya. Tukapanga Jumatano ya wiki tatu mbele. Nilihakikisha ni Jumatano, maana ukipangiwa Ijumaa, siku 30 zinabeba Ijumaa tano, hapo hata bila ovataimu unakuwa tajiri mkubwa.

Nikarudi nyumbani. Mama Zuu kauliza, "Vipi?" Nikamwambia, "Tumetajirika." Akaenda kupandisha joto.

Jioni mama akapiga, nikamhadithia. Mama yangu hana huruma na mambo ya baridi, kakulia Tanga, kwake baridi ni Julai na dawa yake ni kujifunika kanga mbili. "Baridi inalipiwa?" akauliza. Nikamwambia, mama, si baridi, ni joto. "Joto linalipiwa?" Nikaona tunarudi nyuma. Ila nilipofika kwenye habari ya kuzidi mpaka, akaelewa upesi kuliko yule wa ofisini, maana mama yangu ni bingwa wa mipaka. Umeme wake ni ule wa watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja shilingi 100 kabla ya makato. Ukizoea kuzidi unahamishiwa kwa wakubwa, shilingi 292. Kwa hiyo friji la mama linafanya kazi kwa zamu, kama mlinzi. Pasi yake ni ya mkaa. Taa ya uani anaiwasha mgeni akigonga, na kwanza anauliza nani. Tarehe 20 anasoma mita, na ikibidi, familia yote inalala saa mbili. "Mwanangu," akasema, "wewe umekabidhiwa mpaka mmoja tu, ukauruka kwa ajili ya tumbo la mtu?"

Usiku ule usingizi haukuja, na nikaanza kuwaza. Kila mwezi nani ananunua LUKU ya mama, ule umeme wa kulipia kabla? Mimi. Ya shangazi? Mimi. Ya binamu, ambaye mita yake nashuku inawasha na kiosk cha jirani? Mimi. Kumbe mimi mwenyewe ni ofisi ya msaada wa umeme! Ofisi kamili, inafanya kazi saa 24, haina bajeti kutoka bungeni, na haijawahi kuuliza kipato cha mtu! Nikasema hapana. Saa tisa usiku nikaandika kwenye kundi la familia: kuanzia mwezi huu, anayeomba LUKU alete idadi ya watu nyumbani na uthibitisho wa kipato cha siku 30.

Huko kwao ilikuwa saa tano asubuhi, wote macho. Kundi likanyamaza. Kundi letu halijanyamaza tangu lianzishwe.

Binamu akatangulia. "Kaka, ile unayonitumia usiihesabu. Hiyo siyo kipato, hiyo ni haki." Mdogo wangu wa chuo akatuma picha ya sahani ya maharage, bila maneno. Yule mzee akauliza kama sadaka ya futari nayo ina fomu. Mwisho akaingia shangazi, kwa sauti, maana yeye haandiki: "Baba, umeniuliza kipato changu. Kipato changu ni wewe. Sasa sijui nikupige picha nikutumie, au wewe ndiye ujipige?"

Nikafuta ujumbe. Walikuwa wameshaupiga picha.

Basi tangu siku hiyo nikawa naishi ndani ya mpaka, kama mama. Mama Zuu, ambaye hesabu alizisoma akazielewa, akanikalisha mezani na kalamu. Chenji yetu ni dola 88 na senti 54. Ovataimu ni 31 na nusu kwa saa. Kwa hiyo katika hizo siku 30 naruhusiwa ovataimu ya saa mbili na dakika 48 tu. Nikiingia saa nne asubuhi, ikifika saa sita na dakika 48 naweka boksi chini, hata kama niko katikati ya ngazi, na mwenye boksi aje alimalizie mwenyewe.

Jumamosi hii, saa moja asubuhi, msimamizi akapiga. Watu wawili hawajafika, kuna zamu nzima, saa nane, mara moja na nusu. Dola 252! Nilihisi mate yananijaa. Nikamtazama Mama Zuu, naye akainua vidole viwili, kisha akaandika hewani 48. Nikakohoa kidogo kwenye simu, nikasema naumwa. Mtoto wa Tanga, mzima wa afya, anakataa pesa! Nikarudi kitandani na sweta zangu, najisifu. Bado siku kumi na moja.

Saa moja na robo, simu tena. Mama.

Sauti ya chini, ya mtu mwenye hatia, sauti ambayo sijaisikia tangu nizaliwe. Shangazi alikuwa na shughuli ya kumtoa mwali, uwanja wake mdogo, wakahamia kwa mama. Spika mbili ndefu kama milango. Friza ya kuazima ya soda. Taa za rangi kuzunguka mwembe. Siku tatu usiku na mchana, na umeme wote umetoka kwenye mita ya mama. Uniti 75 zimekwisha tangu Alhamisi, alizonunua juu yake zimekwisha leo, samaki walioko kwenye friji wanaanza kunuka, na mpishi anadai. "Mwanangu, sikutaka kukusumbua, najua na wewe umetajirika tu juzijuzi."

Nyuma yake nikamsikia shangazi anauliza kama nimeleta fomu.

Nikakata simu. Mama Zuu alikuwa ameshanitupia koti na funguo. Nikampigia msimamizi, nikamwambia nimepona.