Ozoni si blanketi

Kila Septemba 16, siku ya kimataifa ya kuhifadhi tabaka la ozoni, gesi ya huko juu inayotukinga na miale mikali ya jua, ule mchoro wa zamani hurudi: dunia imefunikwa blanketi, na blanketi lina tundu. Naomba tuuache. Blanketi likitoboka hubaki limetoboka mpaka aje mtu kulishona. Ozoni haiko hivyo. Inazaliwa na kufa mchana kutwa, juu ya vichwa vyetu.

Mimi naifananisha na mtungi unaovuja, uliowekwa chini ya bomba lililo wazi. Maji yanaingia, maji yanatoka, na kina kinabaki palepale.

Bomba lenyewe ni jua. Oksijeni tunayovuta ina atomu mbili. Mwale mkali wa urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ukiipiga, inapasuka, na kila atomu hudandia molekuli nyingine ya oksijeni. Sasa ziko tatu: ozoni. Ila muungano huo huzaa nishati, na pasipokuwa na molekuli ya pembeni, mara nyingi ya naitrojeni, ya kuipokea nishati hiyo, zile tatu huachana papo hapo.

Kisha ozoni nayo hupigwa na mwale na kuvunjika. Hapa ndipo penye uzuri wote, na ndipo mchoro wa blanketi unapotunyima jambo kubwa: ozoni hutukinga kwa kuvunjika. Mwale ule ambao ungetuunguza ngozi unaishia pale, unageuka joto, na atomu iliyochomoka inapata oksijeni nyingine na kuwa ozoni tena. Mara chache tu atomu hiyo hukutana na ozoni, zote mbili zikarudi kuwa oksijeni ya kawaida. Huo ndio uvujaji. Mwanasayansi Mwingereza Sydney Chapman alieleza mzunguko huu mwaka 1930.

Sehemu kubwa ya ozoni iko kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini. Juu zaidi oksijeni ni haba. Chini zaidi miale mikali imeshamezwa. Na si nyingi hata kidogo: ukiishusha yote mpaka usawa wa bahari, unene wake ni milimita 3 hivi, kama sarafu mbili zilizobebana.

Tulichofanya sisi ni kupanua ufa wa mtungi. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za CFC, zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, zikifika juu huachia klorini. Klorini huipora ozoni atomu moja, huiachilia atomu hiyo mbele ya safari, kisha inabaki huru kwenda kupora tena, maelfu kwa maelfu ya mara. Mwaka 1985 wanasayansi watatu wa Uingereza walitangaza jinsi ozoni ilivyopungua vibaya juu ya Antaktika kila majira ya kuchipua. Miaka miwili baadaye Itifaki ya Montreal, mkataba wa mataifa wa kupunguza gesi hizo, ikatiwa saini.

Bomba halikuwahi kufungwa, ndiyo maana ozoni inarudi bila mtu kuipandisha. Lakini juu ya Antaktika, wanasayansi wanakadiria kiwango cha mwaka 1980 hakitarejea mpaka karibu 2066. Sababu ni kwamba gesi hizo hazitoweki upesi: CFC-12, mojawapo ya hizo, hudumu hewani takriban miaka 100. Gesi iliyovuja kwenye jokofu la mwaka 1970, nyingi yake bado iko huko juu.